Moyo wa mume wangu ulienda mbio, na chupa ya Ijumaa naifungua mimi

Mshauri, salamu.

Nina miaka 47, mume wangu 51. Tuna watoto watatu, wote bado wako nyumbani. Sina malalamiko ya ndoa. Nakuandikia jambo ambalo nikimweleza mtu ananicheka: sijui kama nimmiminie mume wangu glasi au nisimmiminie.

Ijumaa ni siku yetu. Watoto wakishalala tunazima simu zote mbili, nafungua chupa ya mvinyo mwekundu, tunakaa. Hatufanyi kitu cha ajabu, lakini mambo yote makubwa ya nyumba hii yamezungumzwa hapo. Alipofiwa na baba yake, wiki nzima hakutoa chozi mbele za watu. Ijumaa, glasi ya pili, ndipo alipolia. Mchana mume wangu ni mtu wa "sawa", "tutaona", "basi". Ijumaa usiku anakuwa yule niliyekubali kuolewa naye. Jumamosi ni ya marafiki zake. Hunywa bia, hurudi kwa miguu yake, hagombani na mtu. Katikati ya wiki hagusi. Si mlevi.

Usiku mmoja wa kuamkia Jumapili, miezi miwili iliyopita, niliamka nikamkuta ameketi kitandani, vidole viwili amevibana kwenye kifundo cha mkono. Akaniambia, "Shika hapa." Nikashika. Mapigo yalikuja matatu ya haraka, kimya, moja, kimya kirefu, kisha mengi ovyo kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Jasho linamtoka, mikono baridi. Hospitali wakampima ECG, kipimo cha umeme wa moyo, wakasema vyumba vya juu vya moyo vinapapatika badala ya kusukuma damu. Presha ilikuwa 158 kwa 96. Wakamlaza, na kufika saa nne asubuhi mapigo yakawa yamejirudi yenyewe. Daktari akamuuliza alikunywa nini. Akajibu, "Bia kidogo." Nilikuwepo, na sikufungua mdomo.

Hizo bia kidogo zilikuwa tano za nusu lita. Na Ijumaa yake tulikuwa tumemaliza chupa yetu, yeye akinywa zaidi ya nusu. Daktari alimpa dawa ya presha, akamwambia akae bila pombe kabisa mpaka kliniki ya miezi mitatu. Wiki mbili alitii. Ya tatu akasema ameshapona, na kwamba kosa lilikuwa la bia, mvinyo hauna neno. Anayemtia nguvu ni shemeji yangu, mdogo wake. Kila siku anatuma ujumbe: mvinyo mwekundu unasafisha mishipa, Wafaransa wanakunywa kila siku na mioyo yao mizima.

Nikikataa kufungua chupa, naona atatoka Ijumaa pia, akanywe mahali ambapo hakuna wa kumhesabia, na mazungumzo yetu yatakuwa yamekwisha. Nikifungua, kila ninapomimina nayasikia yale mapigo kwenye vidole vyangu. Na mimi mwenyewe naipenda ile glasi, nisijifanye mtakatifu. Nimefikiria kumpigia daktari kimyakimya nimpe idadi ya kweli. Nimefikiria pia kuuchanganya mvinyo na juisi asijue. Usiku namsikiliza anavyokoroma. Mara nyingine anakatika, kimya kabisa, halafu anavuta pumzi kwa nguvu, ndipo na mimi napata usingizi.

Nimimine au nisimimine?

Mwenye Chupa

JIBU

Dada yangu,

Hujaniandikia kuhusu ulevi, na sitakujibu kana kwamba umeniandikia kuhusu ulevi. Ninavyokuelewa, kuna moyo wa mume wako ambao umeshindwa kushika mpigo wake usiku mmoja, na kuna saa mbili za Ijumaa zinazoishikilia nyumba yenu. Unaogopa kwamba ukiokoa kimoja utakiua kingine. Hayo mawili umeyafunga fundo moja, na fundo lenyewe ni ile chupa. Tuanze na moyo, kwa sababu huo hausubiri mazungumzo yaishe.

Kilichomtokea kinajulikana siku nyingi. Mwaka 1978 madaktari nchini Marekani waliandika juu ya watu waliokuwa wakifika hospitali baada ya wikendi na sikukuu, mioyo ikienda kombo baada ya unywaji mwingi, na hali hiyo ikapewa jina ambalo kwa lugha yetu tungesema "moyo wa sikukuu". Alkoholi, pamoja na asetaldehidi ambayo mwili huitengeneza wakati wa kuivunja, huvuruga umeme unaoamrisha moyo upige. Mnywaji hukojoa sana, akapoteza maji pamoja na chumvi kama potasiamu na magnesi ambazo umeme huo unazitegemea. Usingizi wake hukatikakatika. Kisha kilevi kinapoanza kushuka mwilini, neva za mwili huamka kwa kishindo, mapigo yakapanda. Ndiyo maana mambo haya hupenda kutokea usiku wa manane au alfajiri, mtu akiwa ameshalala, hata akashangaa: mbona sasa silewi tena?

Unasema katikati ya wiki hagusi, na nakuamini. Ila naomba tufanye hesabu kidogo. Nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za alkoholi yenyewe. Tano ni gramu 100. Chupa ya mvinyo ya mililita 750, ya asilimia 12, ina karibu gramu 70, na yeye kunywa zaidi ya nusu ni kama gramu 40. Kwa hiyo ndani ya jioni mbili amekunywa gramu 140. Uingereza tangu 2016 inawashauri wanaume na wanawake wasizidishe gramu 112 kwa wiki nzima, na anayefikia hapo azigawe kwa siku tatu au zaidi. Kwa namba hizo mume wako bado si mlevi, neno hilo usilipeleke mezani, litawagombanisha bure. Lakini moyo haujui kwamba Jumatatu hadi Alhamisi alikuwa mtu mwema. Unachokutana nacho ni ile Jumamosi yenye gramu 100.

Sasa ujumbe wa shemeji. Nina huruma na shemeji, maana hakuutunga yeye. Bia na mvinyo kila kimoja kina sifa yake ya zamani. Mwaka 1884, huko Munich, daktari Otto Bollinger alieleza mioyo iliyotanuka ya wanywaji wakubwa wa bia wa mji ule, na bia ikabaki na jina baya. Mvinyo ulipata bahati: mwaka 1992 watafiti wa Ufaransa waliandika kwamba Wafaransa wanakula mafuta mengi ya wanyama na bado hawafi sana kwa magonjwa ya mishipa ya moyo, wakadhani mvinyo una mkono wake hapo. Habari hiyo ilizunguka dunia, kwa sababu ni habari ambayo kila mtu alitaka iwe kweli. Mimi pia niliipenda.

Shida ni namna watu walivyolinganishwa. Katika utafiti mwingi wa aina hiyo, wanaokunywa kidogo waliwekwa upande mmoja na wasiokunywa upande wa pili. Tatizo ni kwamba miongoni mwa "wasiokunywa" kulikuwa na watu walioacha kwa sababu tayari ni wagonjwa. Watafiti wa Uingereza walilionyesha hilo mwaka 1988. Mnywaji wa glasi moja, mwenye kazi nzuri na mlo mzuri, akisimama karibu na mtu wa namna hiyo, lazima aonekane ana afya.

Baadaye ikapatikana njia nyingine ya kuuliza swali. Huko Asia ya Mashariki watu wengi huzaliwa na jeni inayofanya uso uwake na moyo udunde kwa glasi moja tu, hivyo hunywa kidogo maisha yao yote, wawe matajiri au maskini, wagonjwa au wazima. Mwaka 2019 ulitoka uchunguzi uliofuatilia watu wapatao nusu milioni nchini China, na wapatao 160,000 kati yao wakapimwa jeni za namna hiyo. Presha na kiharusi vilipanda kadiri pombe ilivyoongezeka, na ile kinga ya kunywa kidogo dhidi ya kiharusi haikuonekana. Kwa shambulio la moyo picha haikuwa wazi kiasi hicho, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu glasi moja ya hapa na pale kwa mtu mzima wa afya. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, ingawa kadiri mtu anavyokunywa kidogo ndivyo hatari inavyopungua.

Lakini angalia mabishano hayo yanamhusu nani. Ni mtu ambaye moyo wake haujawahi kupapatika na presha yake iko sawa. Shemeji anaweza kushinda ubishi wote na bado ushindi wake usimhusu kaka yake. Kwa mtu kama mume wako kuna jaribio lililofanyika hasa kwa watu wa hali yake. Lilifanyika Australia, matokeo yakachapishwa 2020. Watu 140 waliowahi kupatwa na mpapatiko wa moyo, wote wanywaji wa kawaida, waligawanywa makundi mawili. Moja liliombwa liache pombe kwa miezi sita, jingine liendelee. Mpapatiko uliwarudia 73 katika kila 100 ya walioendelea, na 53 katika kila 100 ya walioombwa kuacha. Nakupa namba zote mbili kwa makusudi. Kuacha kulisaidia sana, na bado zaidi ya nusu ilirudi. Kwa hiyo hata mkifanya kila kitu sawasawa na usiku mmoja ukajirudia, asitokee mtu wa kusema ni kwa sababu mlionja kwenye harusi ya fulani.

Wasiwasi wa madaktari hauishii kwenye yale mapigo ya ovyo. Vyumba vya juu vinapopapatika, damu hutuama, hasa kwenye kijikona cha chumba cha kushoto. Ikiganda, bonge linaweza kupanda hadi kwenye ubongo. Mpapatiko wa aina hii huongeza hatari ya kiharusi karibu mara tano kwa ujumla, na mwenye presha ana sababu ya ziada. Kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda au hahitaji, hilo huamuliwa na daktari kwa kuangalia umri, presha na magonjwa mengine. Siku ya kliniki swali hilo liulizwe waziwazi. Na mume wako akipata maumivu ya kifua, akizimia, akikosa pumzi, au uso ukipinda upande mmoja, mkono ukalegea, maneno yakavurugika, msingoje mapigo yajirudi. Hospitali saa ileile.

Nije kwenye yale unayoyaamini, na hapa nitakuuliza tu, majibu unayo wewe. Unaamini kwamba anayemimina ndiye anayepima. Ni kweli? Chupa ilikuwa mkononi mwako siku zote, na Ijumaa ile bado ilikwisha. Unaamini kwamba mvinyo ndio unaomfungua mdomo. Huenda una sehemu yake, pombe hulegeza ulimi, sikatai. Lakini katika barua yako kuna watoto waliolala, simu zilizozimwa, na mke aliyekaa bila haraka akimtazama. Ni mara ngapi katika wiki mtu huyo wa "sawa" na "tutaona" hupewa hayo yote kwa pamoja bila chupa? Sijui. Wewe pia huenda hujui, kwa sababu zile wiki mbili alizotii hazitoshi kuwa jaribio.

Unaamini pia kwamba anapuuza. Mimi namwona tofauti. Mtu aliyeketi gizani na vidole kwenye mshipa, akamwambia mkewe "shika hapa", ameogopa. Kusema "nimepona" baada ya wiki mbili inaweza kuwa njia ya kuufukuza woga huo, na kila Ijumaa chupa ikifunguliwa kama zamani anapata ushahidi kwamba mambo ni yaleyale. Umewahi kumuuliza usiku ule aliwaza nini? Nina hamu ya kujua angejibu nini, hata akiwa hajagusa glasi.

Njia unazo kadhaa, na hakuna isiyo na gharama.

Unaweza kuendelea kumimina kidogo kidogo kwa glasi ndogo. Faida yake ni amani. Hatari ni kwamba daktari alisema bila kabisa, kwa muda maalumu, ili aone moyo unafanyaje. Ukimimina nusu, miezi mitatu itapita na hakuna atakayejua chochote. Juisi ya siri naiogopa zaidi. Akigundua, na atagundua, maana ladha haifichiki kwa mtu aliyeizoea, kila kitu utakachomwandalia atakinusa kwanza.

Unaweza kumwambia kwamba mpaka kliniki nyote wawili hamtafungua chupa, kisha mtaamua upya. Mtu huvumilia zaidi jambo lenye tarehe ya kuisha. Hatari ni ile uliyoitaja: aitoroke Ijumaa yenu. Nyingine ni kwamba afidie Jumamosi, bia tano ziwe saba. Ndiyo maana nadhani mazungumzo ya Jumamosi hayakwepeki, hata kama moyo wako wote uko kwenye Ijumaa. Gramu nyingi ziko huko.

Au yeye aache, wewe uendelee na glasi yako. Kuna wenza wanaoliweza hilo vizuri. Kuna wengine ambao harufu tu ya glasi ya mwenzake inamaliza nguvu. Muulize mwenyewe asubuhi, si mbele ya chupa.

Hili la kuacha nina tahadhari nalo. Nimekwenda na maneno yako kwamba hagusi katikati ya wiki. Ikiwa kuna siku nyingine usizozijua, na asipokunywa hutetemeka, hutoka jasho au hukosa utulivu, basi kuacha ghafla bila daktari kunaweza kuleta degedege na hata kuchanganyikiwa kwa hatari. Hapo kuacha kuwe kwa usimamizi wa daktari. Na kidonge cha presha asikiruke ili apate nafasi ya kunywa. Wapo wengi wanaofanya hivyo wakidhani wanajilinda, kumbe siku hiyo ndiyo presha inapopanda na hakuna cha kuizuia. Akinywa juu ya dawa naye anaweza kuinuka ghafla akashikwa na kizunguzungu akaanguka. Mfamasia au daktari awaeleze kuhusu dawa yake hasa.

Kuhusu kumpigia daktari. "Bia kidogo" ndiyo taarifa aliyofanyia kazi, kwa hiyo ni kweli kwamba anatibu mtu ambaye hamjui vizuri. Hakuna kinachokuzuia kumweleza ulichokiona, hata kama yeye anaweza kubanwa na siri ya mgonjwa asikujibu. Lakini mume wako akisikia kwamba ulipita nyuma yake, Ijumaa itakuwa imeharibika bila hata chupa kuguswa. Je, ingewezekana kumwambia, "Safari hii naingia na wewe kliniki, na nitataja bia tano"? Ni neno gumu kulitamka, ila anakuwa amelisikia kwako kwanza. Akikataa katakata, utapima upya, na sitakulaumu kwa utakaloamua.

Kuna jambo moja la kumwambia daktari ambalo halina ugomvi wowote: kule kukoroma. Umeeleza mtu anayekatika pumzi usingizini kisha akashtuka kuivuta. Hali hiyo hupandisha presha na huambatana sana na mpapatiko wa moyo, na pombe ya jioni huizidisha kwa kuwa hulegeza misuli ya koo. Inatibika. Mwenyewe haisikii, wewe ndiwe shahidi pekee. Mrekodi kwa simu, dakika chache zinatosha, kwa ruhusa yake.

Mkipata mashine ya presha ya nyumbani, kama si ya kununua basi ya kuazima, apime asubuhi akiwa ameketi kimya dakika tano, kabla ya kidonge, aandike mwenyewe. Akitulia bila pombe wiki kadhaa, mara nyingi namba hushuka, na mtu anayebishana na mkewe na daktari hupata tabu kubishana na mwandiko wake. Zisiposhuka nazo ni habari, huenda dawa inahitaji kubadilishwa.

Mashine ikiwa mezani, funga mkanda na mkono wako. Katika barua nzima umemhesabia yeye bia, glasi, mapigo na pumzi. Chupa ya gramu 70 ambayo yeye amechukua 40 imebakiza 30, na mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache, hivyo kiasi kilekile humpanda zaidi. Una miaka 47. Presha yako ni ngapi? Hilo ulitaje kwenye kliniki yako, au yake, siku hiyohiyo mkiwa pamoja.